Waya wa Namba Nane

Jumatatu, 6 Mei

Miezi minane na siku tatu tangu nitoke nyumbani. Bávaro, pwani ya hoteli za watalii. Jua la kufanya nondo isishikike. Tunafunga nondo za ghorofa ya nne ya hoteli ambayo sitalala hata usiku mmoja. Mikono imekakamaa. Hata kalamu hii naishika kama plaisi.

Saa ya chakula dada yangu Nidia amenitumia sauti kwenye simu. Mzee, baba yetu, amemaliza masikio. La kushoto lilikwenda mwaka juzi, sasa na la kulia limefunga. Jana wapiga ngoma walikuja uani kufanya mazoezi ya sikukuu ya Roho Mtakatifu. Mzee akaliendea palo, ile ngoma ndefu aliyoiongoza miaka thelathini na moja, akalipiga kofi moja. Akangoja. Akalipiga la pili. Kisha akatia mikono mfukoni, akasema zimenyamaza. Amesema sikukuu haendi. Haendi kukaa kama gunia la mahindi huku akitazama midomo ya watu ikichezacheza.

Nidia alikuwa analia. Mimi sikulia, nilikuwa juu ya jukwaa, mtu halii juu ya jukwaa. Nimelia baadaye bombani, ambapo maji yote ni maji.

Halafu nikapata akili. Akili kubwa! Mtu akipoteza masikio hajapoteza mifupa. Besi nzuri haisikiki, inaingia. Nimeona Jumapili pale pa kuoshea magari, ambapo watu hunywa na kushindanisha muziki: mtu akifungua buti lenye spika, bia inatetemeka mezani, na mbavu zako zinaujua wimbo kabla yako. Na mimi ninayo sauti ya palo la Mzee. Niliirekodi kwenye simu, sikukuu ya mwisho mama akiwa hai. Dakika kumi na moja. Nitaingia na gari kinyumenyume hadi mlangoni, nifungue buti, nimwekee mikono juu ya boksi la spika. Ajisikie mwenyewe akipiga.

Gari ninalo. Ni la kijani upande mmoja. Spika mbili za inchi kumi na mbili ninazo, na amplifaya pia, vyote vya fundi rangi mmoja aliyekuwa anahama. Kimebaki kitu kimoja: seti ya waya ya kuunganisha amplifaya na betri. Waya tu! Waya ni kitu gani?

Sikukuu ni Jumapili ya tarehe 19. Nitafika nyumbani Jumamosi, tarehe 18, mchana. Nimeshamwambia Nidia.

Jumanne, 7 Mei

Njia fupi ni kumuuliza Robinson. Simuulizi. Robinson ni mtu wa pwani, ametoka Barahona, tunafunga nondo kikosi kimoja, na tangu siku ya kwanza ananiita Mtu wa Milimani. Ana gari la manjano lenye spika nne, na analizungumzia kama bibi harusi. Nikimuuliza swali moja la waya, nitaimbwa na kikosi kizima hadi Krismasi.

Kwa hiyo nimepeleleza. Wenzangu wakiwa kwenye wali na maharagwe, nikaenda kwenye gari lake. Buti lilikuwa wazi lipate hewa. Nikaingiza kichwa nyuma ya boksi. Nikauona! Waya mwekundu, mnene kama kidole, na umeandikwa namba: 4. Nilipotaka kutoka nikaona viatu. Viatu vya Robinson.

Akaniuliza namtafuta nani ndani ya bibi harusi wake. Nikasema medali. Medali ya Bikira wa Altagracia, nimepewa na marehemu mama, imekatika shingoni, imebingirika huku. Sijawahi kuwa na medali maishani mwangu. Robinson hakucheka. Aliweka sahani chini, akapiga magoti kwenye kokoto, akaanza kutafuta. Akaita wengine wawili. Nusu saa nzima tumetafuta kitu kisichokuwepo, wali unapoa, na mimi ndiye naonyesha pa kutafuta.

Jioni amenifuata chumbani na medali ya kwake. Amesema haifiki ya mama, lakini shingo isikae tupu. Nimeivaa. Inaniwasha.

Bado ni mpinzani wangu.

Jumatano, 8 Mei

Nimefikiri siku nzima. Robinson ana waya wa namba nne. Haya. Mimi ni mtu wa nondo, namba nazijua. Kwenye mchoro wa injinia nondo namba tatu ni ya pete, namba nne ni kama kidole, na namba nane ni ile ya nguzo za chini, nene, inabebwa na watu wawili na bado inawapeleka itakako.

Basi hesabu ni nyepesi. Yeye nne, mimi nane. Mara mbili! Nimecheka peke yangu juu ya jukwaa hadi Dieuseul akaniuliza kama jua limeniingia kichwani. Dieuseul ni Mhaiti, mkubwa wetu kikosini. Mkono wake unafunga mafundo matatu mimi nikiwa kwenye moja. Nikamwambia si jua, kaka. Ni elimu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeomba ruhusa ya jino. Jino halina kitu. Nikaenda Verón, mji wa jirani, kwenye duka la muziki wa magari. Mwenye duka ni mama mmoja anaitwa Iluminada, miwani inaning'inia kifuani, bisibisi imechomekwa kwenye nywele. Akauliza amplifaya yangu ina wati ngapi. Nikasema nyingi. Akauliza kutoka betri hadi buti ni mita ngapi. Nikasema ni gari la kawaida. Akauliza nataka shaba tupu au alumini iliyopakwa shaba. Maswali ya polisi! Kisha akaniwekea mezani seti ya namba nne, akasema hii itanifaa.

Nne! Kama Robinson! Nikamwambia nataka nane.

Akavaa miwani. "Nane, bwana? Kwa spika mbili za kumi na mbili?"

Huo ulikuwa mshangao wa heshima, naujua ukitokea. Nikasema ndiyo, nane, sisi watu wa San Juan, huko milimani, hatufanyi jambo nusu. Akaniambia mara ya pili kwamba nne ndiyo yangu. Akaniambia mara ya tatu. Hapo nikamwelewa: nne zimemjaa ghalani, anatafuta wa kumtwika. Sikutwikwa. Akinifungia mzigo alikuwa anatikisa kichwa, akasema duka lina mlango, na mlango hauna kinyongo, siku nitakayotaka kurudi.

Nimelibeba boksi mapajani njia yote bila kulifungua, kama mtu anayebeba keki.

Chumbani nimefungua. Waya mwembamba. Kama penseli. Nimekaa nao muda. Nadhani ni ubora. Chuma kizuri hushindiliwa. Hii ni nane iliyokolea.

Jumamosi, 11 Mei

Kazi imekwisha mchana, nikaanza kuunganisha. Nimepitisha waya kutoka betri, chini ya zulia, hadi nyuma. Waya wa erthi nimeufunga kwenye bolti ya kwanza niliyokutana nayo, juu ya rangi yake. Robinson akaja akasimama, glasi ya plastiki mkononi. Akautazama waya. Robinson asiposema kitu, ujue kipo.

Nikawasha. Palo la Mzee! Dum! Mifupa yangu yote ikaitikia. Nikauona uso wa Mzee kabisa. Dakika mbili. Kimya. Fyuzi imekatika.

Nikaitazama ile fyuzi. Kumbe ni kipande cha chuma tu. Nikachukua waya wetu wa kufungia nondo, nikasokota vipande sita pamoja, nikavichomeka mahali pa fyuzi. Palo likarudi! Dakika tatu, nne. Nikamkonyeza Robinson. Kisha harufu. Kisha zulia likatoa moshi, mstari mmoja mnyoofu kutoka mbele hadi nyuma, kama mtu anapiga rula.

Robinson ndiye aliyechomoa betri. Ndiye aliyemwaga ndoo ya mchanga, na ya pili, na ya tatu nadhani ilikuwa ya starehe yake mwenyewe. Mchanga umefunika hadi kanyagio la breki. Amplifaya ilijizima mapema, nzima kabisa. Ina akili kuliko mwenye nayo.

Nilingoja anicheke. Akaniambia kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko kicheko: "Mtu wa Milimani, si ungeniuliza?"

Nikamwambia nilikuwa nafanya majaribio.

Jumapili, 12 Mei

Nimechota mchanga wa ndani ya gari kwa kijiko. Kijiko cha supu.

Nimepiga simu nyumbani. Nidia akauliza maandalizi yamefikia wapi. Nikasema kila kitu tayari, imebaki rangi. Rangi ya nini? Hakuuliza. Ananipenda huyu.

Kisha akasema Mzee anataka simu. Nikasema si hasikii? Akasema anajua kwamba hasikii, lakini ameinyoosha mikono. Mzee akaishika, akaongea kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Kwamba mparachichi umezaa hadi tawi limepigiwa mhimili. Kwamba mbuzi wa jirani amerudi na aibu yake. Kwamba nisilale na miguu ya majimaji. Kwamba sikukuu haendi na mtu asimsumbue. Kila baada ya jambo aliacha nafasi, kwa adabu, ili nijibu. Nikajibu. Hakuna nafasi niliyoiacha tupu. Nilimwambia kuhusu miguu, kuhusu mbuzi, nikamwambia nimechoka. Mwisho akasema, "Haya mwanangu, nimekusikia," akamrudishia Nidia simu.

Siku sita.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemweleza Dieuseul yote, kwa sababu ya watu hayasemi. Nimemwambia nimeshindwa kuelewa. Robinson ana nne, haiungui. Mimi nina nane, mara mbili yake, imeungua. Dieuseul alinyoosha mkono, akakamata roli la waya wa kufungia nondo lililoning'inia kiunoni mwangu, akaligeuza upande wa kibandiko.

"Soma."

Nikasoma. Kumi na nane.

"Ni mnene?"

Nikasema ni mwembamba kama ndevu za mahindi.

"Na ule wa uzio wa ng'ombe, kwenu, namba ngapi?"

Kumi na mbili. Tena ni mnene kuliko huu. Nikaanza kusikia joto masikioni, nikatazama baharini.

Akanieleza. Zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha misumari, Port-au-Prince. Nondo hupimwa unene wake, namba ikipanda nayo inanenepa. Waya ni mambo mengine. Waya huvutwa. Unapitishwa kwenye tundu, unakonda. Unapitishwa kwenye tundu dogo zaidi, unakonda tena. Namba ni hesabu ya matundu uliyopitia.

"Kama sisi," akasema. "Aliyevutwa mara nyingi ndiye mwembamba."

Akarudi kufunga mafundo yake, matatu matatu.

Miezi minane na siku kumi nimemfunga mwalimu kiunoni, na sijamuuliza swali hata moja.

Jumanne, 14 Mei

Jino tena. Msimamizi ameniuliza nina meno mangapi.

Iluminada aliweka seti ya namba nne juu ya meza kabla sijavuka kizingiti. Hakunicheka. Alinusa tu hewa. Shati langu bado lina moshi. Akauliza haya yote ni ya nini hasa, mashindano ya pale pa kuoshea magari? Nikasema ndiyo, mashindano. Kisha sijui kwa nini nikamwambia kweli. Masikio. Palo. Mikono mfukoni. Dakika kumi na moja. Akaitoa bisibisi kwenye nywele, akaitazama, akairudisha pale pale.

Akanifundisha taratibu. Alikwangua ncha ya waya kwa kisu: shaba ya kweli ni nyekundu hadi moyoni. Ukiona nyeupe ndani, ni alumini imevaa nguo ya kuazima. Fyuzi ikae kiganja kimoja kutoka betri, isizidi. Erthi iwe fupi, na rangi ya bodi ikwanguliwe hadi chuma king'ae. Na fyuzi ikikatika maana yake imekuokoa, hubishani nayo. Hapo akanishika mkono wangu juu ya meza.

"Mzee anahitaji besi, kaka yangu. Moto hauhitaji. Na wewe anakuhitaji, pamoja na nyusi zako."

Nimejishika nyusi. Ya kulia ni fupi kweli.

Nikamshukuru sana, nikasema naenda kuchukua pesa, narudi sasa hivi.

Na ningerudi! Naapa. Lakini kwa muuza kuku wa kukaanga kuna mtu ametandaza turubai. Chaja, miwani ya jua, kofia. Na katikati seti ya waya, namba imeandikwa kwa dhahabu: 0. Sifuri! Na mimi si yule wa Alhamisi. Mimi sasa nimesoma. Namba ndogo ndiyo nene, na chini ya sifuri hakuna kitu. Huu ni waya ambao haujapita tundu hata moja tangu uzaliwe! Mnene kama mkia wa ng'ombe. Na bei ni nusu ya ule wa Iluminada. Yule maskini hajui anachouza. Nikamlipa haraka kabla hajaerevuka.

Alhamisi, 16 Mei

Jana nilijizuia. Leo nimeshindwa. Nimeuvaa waya wa sifuri mabegani kama chatu, nikapita mbele ya gari la manjano. Nikapita tena. Robinson akaniita. Akauminya kwa vidole, akauliza nimeupata wapi, akaomba plaisi. Akakata ncha.

Ganda la plastiki, nene kama la ndizi mbichi. Na katikati kabisa, ndani ya plastiki yote hiyo, kitita kidogo cha nyuzi nyeupe. Ukizipulizia zinalala. Robinson akachomoa uzi mmoja, akachokonolea nao jino.

Nimekaa chini kwenye kokoto. Mshahara umebaki wa mafuta ya kwenda na kurudi tu. Sina waya, na keshokutwa ndiyo safari. Nikamwambia habari za Mzee, kwa kuwa nilishakaa chini tayari. Nikamwambia na ile medali haikuwepo. Nikaivua yake nimrudishie.

Akasema hilo alilijua. Mtu aliyepoteza medali ya mama yake hatafuti huku macho yake yakiwa kwenye waya.

"Ulijua, ukatafuta nusu saa nzima?"

"Nilitaka kuona utachoka saa ngapi."

Akaniambia niivae, medali haijafanya kosa. Akaondoka. Nimebaki na chatu wangu.

Nidia ameniandikia: Mzee amewaambia wapiga ngoma waje wachukue palo lake, akae nalo mwenye masikio. Watalichukua Jumapili asubuhi. Nimesoma mara tatu. Palo hilo alilichonga mwenyewe kabla sijazaliwa.

Ijumaa, 17 Mei

Nimetoka kuoga nikakuta boneti la gari langu liko juu. Nikadhani ni wezi, nikasikitika kwa niaba yao. Kumbe ni Robinson, miguu tu ndio inaonekana, na Dieuseul yuko kwenye buti anakwangua rangi ya bodi kwa msasa hadi chuma kinang'aa. Gari la manjano limefunguliwa kila mlango, zulia limeinuliwa. Waya mwekundu wa namba nne umetolewa wote tumboni mwake, umelazwa kwenye langu.

Nikauliza kulikoni. Robinson akaniambia nisimame mbali, nisiguse kitu, na fyuzi nisiitazame. Nikamwambia Jumapili watu watamngoja pale pa kuoshea magari. Gari lake halijawahi kunyamaza Jumapili hata moja. Akasema atawaambia bibi harusi ana mafua.

"Watakucheka wiki nzima."

"Wewe nimekucheka miezi minane," akasema, "na bado uko hai."

Walipomaliza wakaweka sauti ya Mzee, kwa chini, kujaribu. Dieuseul akaweka kiganja juu ya boksi. Akakaa hivyo hadi mwisho. Akasema kwao pia wanapiga hivi, ila kule kwao wanangoja zaidi katikati. Sikuelewa.

Robinson akataka nimwambie Mzee kwamba waya ni wa Barahona. Nimeahidi. Natoka alfajiri. Nikiingia kwenye gari miguu yangu inakanyaga mchanga, bado upo.

Jumapili, 19 Mei

Nyumbani.

Jana sikuandika. Nilifika saa tisa. Mzee yuko kibarazani na kahawa yake. Amekonda. Amevutwa matundu mengi tangu Septemba. Akanikumbatia, akanipiga mgongoni mara tatu, kama anayejaribu ngozi ya ngoma. Nikageuza gari kinyumenyume hadi mlangoni. Nikavunja chungu cha maua cha Nidia. Nikafungua buti. Mzee akauliza kama nimemletea saruji. Nikaishika mikono yake, nikaiweka juu ya boksi. Akataka kuiondoa. Nikaishikilia. Nidia akawasha.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Aliitazama mikono yake kama imeazimwa. Kisha bega la kushoto likaanza, kidogo, kama la mtu anayeota. Kisha akafumba macho. Mimi nikatazama mparachichi, maana yeye sikuweza kumtazama. Kuku wote wakahamia kwa jirani.

Dakika ya tatu akafumbua macho. Amekunja uso.

"Nani huyu anapiga?" akauliza, kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto. "Anakimbilia wapi? Mwambieni apunguze."

Nidia akanitazama. Nikachukua daftari hili, nikaandika ukurasa wa nyuma kwa herufi kubwa: NI WEWE. Akasoma. Akasoma tena. Akarudisha mikono kwenye boksi hadi dakika ya kumi na moja, akainua kidole: tena. Mara sita. Baada ya sita akakaa ukingoni mwa buti, mgongo umeegemea spika.

"Miaka thelathini na moja," akasema, "na hakuna aliyeniambia kwamba nakimbia."

Akainuka akaingia ndani. Nidia akaniangalia kama nimeua mtu. Tukamsikia anafungua kabati, anafunga, anafungua. Akatoka na kofia ya sikukuu na kitambaa cha kufutia viatu. Palo haliondoki uani, akasema, isipokuwa na yeye. Kuna kosa la kurekebisha.

Leo asubuhi amesimama mbele ya wote, kifua kimegusa mbao za palo, akapiga. Polepole. Polepole sana. Anapiga, anangoja, unadhani amesahau, anapiga. Wale wawili wa ngoma ndogo wakamfuata, kwa sababu watamwambia nini, naye hasikii? Maandamano ambayo kila mwaka hufika kanisani saa nne, leo yamefika saa sita kasoro robo. Padri amekunja midomo. Mabibi wa mstari wa mbele wamelia, wamesema hawajapata kuona Roho akitembea namna hii, bila haraka, kama mtu anayesalimia nyumba kwa nyumba. Vijana wameungua na jua. Mzee anacheka peke yake.

Nimemshika mkono wakati wa kurudi. Ulikuwa bado unapiga.

Jumanne, 21 Mei

Bávaro. Siku moja tangu nitoke nyumbani.

Nimechelewa kazini, kwa sababu jana gari halikuwaka. Mzee alikaa kwenye buti akisikiliza hadi betri ikafa. Kijiji kizima kimesukuma hadi kwenye mteremko, Mzee akitupigia mwendo kwa viganja juu ya boneti. Mwendo wake mpya. Ndiyo sababu tulimaliza saa nzima kwa mita mia mbili. Nilipoondoka alisimama barabarani, akasema nirudi upesi turekodi upya, ile ya zamani inamtia aibu.

Waya wa Robinson nimeurudisha salama. Nimemwambia kwamba Mzee amesema waya wa Barahona ni mtulivu kuliko watu wake. Amefurahi, amewaambia wote. Nimemweleza Dieuseul jinsi Mzee anavyongoja sasa katikati ya mapigo. Ameitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa salamu.

Shida iliyobaki ni betri. Robinson amesema kabla sijanunua nimuulize. Dieuseul amesema nimuulize. Wamesema hata Iluminada ataniambia bure. Siulizi! Niulize nini tena, baada ya elimu yote hii? Betri zina namba, nimeziona. Dukani zote ni sitini, sabini, themanini. Zimevutwa vibaya sana! Yule wa turubai anayo moja imeandikwa 7. Saba! Na bei yake inachekesha. Ni ndogo kwa umbo, ungedhani ni ya pikipiki, lakini nguvu haikai kwenye umbo. Nimemwambia aniwekee hadi Ijumaa hii.

Nidia nimeshampigia, na Mzee nimeongea naye, nikimwachia nafasi. Nafika nyumbani kwenye sikukuu ya taifa, Ijumaa, tarehe 16 Agosti, saa nne kamili asubuhi, buti wazi na palo likilia njia nzima bila kuzima.